Tulivyomkabidhi Binti Yetu kwa Mama wa Texas

Binti yangu alipopata nafasi ya kwenda kusoma mwaka mmoja Texas, nilipiga vigelegele hadi jirani wa juu akagonga sakafu. Nikasema na agonge tu, leo ni leo. Nilikuwa napika sombe, majani ya muhogo, nikaiacha ishikane na sufuria, nikacheza pale jikoni kwetu Edmonton, hapa London, na mwiko mkononi. Binti alificha uso kwa aibu, lakini alikuwa anacheka.

Furaha hiyo haikufika Ijumaa. Baba watoto, ambaye hawezi kupewa habari njema bila kuichunguza, alikaa na simu yake akasoma habari za chuo kile, kisha akanisomea kwa sauti ya chini. Sheria ya huko inamruhusu mwanafunzi mtu mzima mwenye leseni kuingia chuoni na bastola, hata darasani, mradi aifiche isionekane. Nilimwambia arudie. Akarudia.

Isionekane! Hapo ndipo waliponimaliza. Mimi natoka mashariki ya Kongo, bunduki nimeziona nyingi kuliko baiskeli. Lakini zile tulikuwa tunaziona. Unamwona mtu na bunduki yake huko mbali, unabadili njia, unapita migombani. Sasa hii iliyo ndani ya begi, kati ya daftari na chupa ya maji, utaikwepea wapi? Na mimi ndiye niliyefika London nikamwona polisi anapita sokoni Walthamstow mikono mitupu, nikacheka hadi nikalia. Nikasema, hapa ndipo nitakapolea watoto.

Basi nikasema haendi. Binti akanijibu kwa Kiingereza, kama anavyojibu mambo yote. Kiswahili anakisikia, ila hakimtoki. Alisema wanafunzi wengi hawabebi chochote, kwamba ameipigania nafasi hiyo tangu mwaka wa kwanza, na kwamba chuo kinataka jibu lake kufikia Jumatatu. Nikamwambia aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akauliza ni nyoka gani huyo, mbona sijawahi kumsimulia. Nikageukia sinki, nikaosha masufuria yaliyokuwa safi. Alifunga mlango wa chumba chake taratibu, na hilo likaniuma kuliko kama angeubamiza.

Baba watoto ndiye aliyeleta wazo. Kwetu mtoto hatumwi kwenda kuishi kwa watu kama kifurushi. Anakabidhiwa. Dada yangu alipokwenda kusoma mjini, baba yetu alimpeleka pamoja na kuku na unga wa muhogo, akamwambia mama mwenye nyumba kwamba huyu ni wenu sasa, akikosea mwonyeni, akilia mbembelezeni. Tangu hapo mama yule alimlinda kama wa kumzaa. Binti yetu angeishi chumba kimoja na msichana wa huko, na walikuwa wameshaanza kuandikiana. Basi, akasema baba watoto, tumkabidhi kwa mama wa yule msichana, kwa simu ya video. Binti aliposikia, alisema bora ardhi immeze. Lakini aliipanga simu hiyo, maana hakuwa na njia nyingine ya kunishawishi.

Jumamosi nikavaa kitenge changu cha kwendea harusi, tukaketi watatu mbele ya kompyuta. Mama wa Texas alikuwa jikoni kwake, mkoba wake juu ya meza, mwanamke wa rika langu mwenye macho ya kucheka. Kiingereza nakijua, kazi yangu ni kutunza wazee na wananielewa vizuri. Lakini kwa Kiingereza mimi huwa mpole mno. Nikamwambia binti atafsiri. Nilimsalimia mama mwenzangu, nikamuulizia watu wa nyumbani kwake mmoja mmoja, nikamwambia namkabidhi mtoto. Alishika kifua, akasema hiyo ni heshima kubwa. Ndipo nikamuuliza kama nyumbani kwake kuna bunduki.

Hakuzunguka. Alisema ipo, akagusa mkoba. Binti yake naye anayo, ana leseni, baba yake alimnunulia ili awe salama chuoni. Damu ikanipanda. Nikamwambia binti amweleze kwamba mtoto wangu halali chumba chenye bunduki, iwe na leseni, iwe na baraka za askofu. Mama yule hakukasirika. Aliuliza tu kwa nini.

Sijui ni nini kilichonifungua mdomo. Labda kwa kuwa aliyeuliza alikuwa mgeni. Nikasema, "Kaka yangu aliuawa shuleni. Watu wenye bunduki waliingia darasani, naye alikuwa amekaa kwenye dawati lake."

Binti alianza kutafsiri, akafika kwenye dawati, akaishia hapo. Alijua kwamba mjomba wake alikufa vitani, basi. Habari ya dawati hakuijua. Aliniangalia, nikamwambia aendelee, naye akayasema maneno yale kwa Kiingereza, moja moja, mkono wake ukiwa gotini kwangu.

Mama wa Texas alilia waziwazi. Kisha akasema na yeye anaogopa. Kila binti yake akienda chuoni anaogopa, ndiyo maana bastola ikanunuliwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi ningeitupa mtoni, yeye ameiweka karibu, na woga wetu ni ule ule. Binti yake, aliyekuwa anasikiliza pembeni, akasogea mbele ya kamera, akasema ya kwake ataiacha kwa wazazi wake mwaka mzima. Kuhusu wanafunzi wengine alisema hawezi kuniahidi kitu. Nilimpenda kwa hilo.

Tulipozima kompyuta, binti hakusimama. Aliniuliza kwa Kiswahili, Kiswahili cha kuchechemea lakini Kiswahili: "Na wewe, Mama, baada ya hapo uliacha shule?"

Sikuacha. Shule ile ile ilipofunguliwa tena, mama yangu, ambaye hakuwa amemaliza kumlilia mwanawe, alinivalisha sare, akanishika mkono, akanipeleka mwenyewe hadi mlango wa darasa. Alikuwa anaogopa kuliko mimi. Nilimweleza binti hivyo hivyo, na kabla sijafika mwisho nilishajua kwamba sina tena la kumkataza. Baba watoto akatoka nje eti kuangalia mvua.

"Waambie unakwenda," nikamwambia, "kabla sijabadili mawazo."

Ameenda. Bado naogopa, nisimdanganye mtu. Simu ikilia wakati usio wake moyo unaruka. Lakini siku ya kwanza ya masomo ilinijia picha kutoka kwa mama wa Texas. Sikuwa nimemwomba, bila shaka binti alimsimulia habari za bibi yake. Mama yule alikuwa ameendesha gari hadi chuoni, akampeleka mtoto wetu mpaka mlango wa darasa. Wamesimama hapo wameshikana mikono, binti yangu anaona aibu, anacheka. Nikaikuza picha, nikamtazama yule mama begani, kisha mkononi, kisha chini miguuni pake. Mkoba hakuwa nao.