Mfalme na Malkia wa Segerea

Mama mkubwa alipofika msibani kutoka Mbagala, hata viatu hajavua, akauliza kanga ziko wapi. Mdogo wake, mama yangu, kalala chumbani hajaoshwa, na yeye anahangaika na vioo. Kwao ndivyo walivyolelewa: nyumba ikiwa na maiti, kioo hakiachwi wazi. Akafunika kioo cha kabati, akafunika runinga, kisha akasimama mbele ya picha yangu ya sebuleni, mikono kiunoni.

"Na hii?"

"Hiyo ni picha tu, mama."

"Picha tu! Huoni humo mna kioo? Na kwenye kioo mna watu. Lete kanga."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mie ni mwalimu wa sanaa, sekondari, na ile picha niliipeleka kwa wachapa mabango wanitolee kubwa ya kufundishia. Ukuta wa darasa ukaikataa kwa unyevu, nikaitia fremu nikairudisha nyumbani Segerea. Ilichorwa Ulaya, karne nyingi nyuma, kwenye jumba la mfalme. Binti mdogo wa mfalme kasimama katikati, gauni limetanuka kama tenga la kuku. Wahudumu wamemzunguka, mmoja kapiga goti anampa kikombe chekundu. Mbwa kajilalia, hana habari. Mchoraji mwenyewe yumo, kashika brashi mbele ya turubai kubwa ya kuchorea iliyotugeuzia mgongo. Na kule nyuma, ukutani, kipo kioo kidogo, ndani yake mwanamke na mwanamume. Mama mkubwa alikuwa sahihi, nikamletea kanga.

Arobaini ilipopita, kanga zilitolewa zote isipokuwa ya kwenye picha. Hakuna aliyeikumbuka, kwa sababu wakati huo tulikuwa tunamhangaikia baba. Tangu mazishi alikuwa hali. Anagusa uji, anausukuma. Chai inapoa mbele yake mpaka inafanya utando. Daktari wa zahanati alisema hana ugonjwa wowote, ila asipokula atatuondoka. Mie nikiogopa nafoka, ndivyo nilivyoumbwa. "Baba, kula! Unataka tuchimbe kaburi lingine?" Anaipandisha suruali inayomvuka kiunoni.

Siku moja nikarudi kutoka kazini nikamkuta kwenye kochi, kanga ya kwenye picha kaikunja vizuri, kaiweka mapajani.

"Hebu nieleze," akasema. "Hawa wote wanaangalia nini?"

Jamani, nilivyofurahi! Mtu hajauliza kitu tangu msiba. Nikaweka mkoba chini nikamfundisha kama kidato cha nne. Nikamwambia siri ya picha ile ni hicho kioo. Waliomo ni mfalme na malkia, wazazi wa yule binti. Kwenye chumba huwaoni, unawaona kwenye kioo tu, kwa hiyo lazima wamesimama upande wetu, mbele ya picha. Ndio maana mchoraji anatazama huku, na mtoto anatazama huku.

"Yaani wapo hapa nilipokaa mie?"

"Hapo hapo, baba."

"Malkia yuko kushoto."

"Ee, kushoto."

Akageuza shingo taratibu, akatazama upande wa kushoto wa kochi, ule wa karibu na jikoni. Hapo ndipo mama alipokuwaga anakaa.

Picha za mama tulikuwa nazo, za baba pia. Za wao wawili pamoja, hata moja. Ndoa ilifungwa barazani kwa sheikh, mpiga picha hakuwepo, na baadaye simu akiishika huyu anampiga picha yule. Sikuyafikiria hayo nilipokuwa najimwaga na somo langu.

Kuanzia hapo, kila alasiri akawa ananiambia nilete vikombe viwili. Kimoja anakiweka kushoto. Chake hakigusi. "Mwenzangu hajaanza," anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Jirani alikuja kumjulia hali, akataka kukaa, baba akamzuia kwa mkono: "Hapo pana mtu." Jirani yule aliondoka hata kuaga hakuaga.

Nikaona hapana, nitamzika baba yangu kwa ajili ya bango. Alasiri moja umeme umekatika, sebule imeingia kiza, vikombe viwili vya chai vipo mezani, nikaleta stuli, nikapanda, nikaishika fremu.

"Ukiitoa," baba akasema nyuma yangu, "mie na mama yako tutaonekana wapi?"

Nikaiachia fremu ukutani. Nikashuka. Nilikuwa na hasira na yeye, na picha, na mama pia, aliyeniachia mzigo huu akaenda zake. Nikajitupa kochini upande wa kushoto, makusudi, aone kwamba hapo hapana mtu. Kisha nikainua macho.

Miaka yote naifundisha picha ile nimesimama pembeni na rula. Sikuwahi kukaa pale. Wote walikuwa wananitazama. Mchoraji kasita na brashi. Yule mtoto ananitazama kama mtoto anavyomtazama mama yake akiingia. Na kule mwisho, mlangoni, yupo bwana mmoja kwenye ngazi, mguu huku mguu kule. Wanafunzi wangu hubishana anaingia au anatoka. Mie nilimwona kabisa anasubiri mtu wa kuondoka naye. Niliogopa, sitaki kudanganya. Na kochi pale nilipokaa lilikuwa na joto.

Nikataka kuinuka. Baba alikuwa kanigeukia, na uso ule sikuwa nimeuona tangu tumzike mama. Akanisogezea kikombe cha kushoto.

"Mama watoto," akasema, "chai inapoa."

Nilijua cha kusema. Baba, ni mie, binti yako. Yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini mkono wake mwingine ulikuwa umeshainua kikombe chake, ananisubiri nianze.

"Abee," nikaitika, nikanywa.

Naye akanywa. Akamaliza chote, akamwomba mkewe mkate.