Mngurumo Ulipokoma

Watu wengi hupenda kimya. Fundi wa sauti wa ule ukumbi hakukipenda, hasa kikija chenyewe bila kuitwa. Mngurumo wa spika, alikuwa akisema, ni mbwa anayebweka. Mbwa akinyamaza ghafla, toka nje ukaangalie.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye kitambi cha heshima na mifuko iliyojaa bisibisi, na alikuwa na desturi moja iliyowachosha wanamuziki wote. Kabla hujaimba huku umeshika gitaa, lazima achukue maiki yako aigusishe kwenye nyuzi. Ikitoka cheche, huimbi. Isipotoka, ruksa. Wanabendi waliliita jambo hilo "kufungisha ndoa", na kila alipolifanya walimpigia vigelegele. Naye alicheka nao, maana hakuwa mtu wa kununa, ila hakuna ndoa aliyoiruka. Enzi za ujana wake alimwona mpiga gitaa mmoja akiing'ang'ania maiki, ameshindwa kuiachia, na watu wakampigia makofi wakidhani ni mbwembwe. Makofi yale hayajamtoka masikioni hadi leo.

Mpiga besi wa bendi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Watu walimwita Nzito kwa sababu ya kidole gumba chake, maana kikigusa uzi glasi zinacheza mezani. Fundi ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, na ndiye aliyemnunulia gitaa la kwanza. Kidole cha Nzito kilikuwa cha dhahabu. Sikio lake lilikuwa lile la kufa, lisilosikia dawa. Siku hizi alikuwa akimfundisha binti wa Fundi kupiga besi nyumbani, kwa amplifaya kuukuu iliyokuwa ikinguruma mchana kutwa. Fundi aliahidi kuitazama, akaahidi tena, mganga hajigangi. Kisha wiki iliyopita mngurumo ukaisha. "Baba mdogo ameitengeneza," binti alisema. Fundi alikuwa amechoka, akashukuru, akalala. Mtu yuleyule asiyependa kimya! Lakini nani humchunguza ndugu yake?

Alasiri hiyo mwenye ukumbi alitaka besi ya kutikisa vifua. Basi waya ukavutwa kutoka kwenye amplifaya ya Nzito jukwaani hadi kwenye meza ya sauti, na kutoka hapo hadi kwenye spika kubwa za ukumbi. Ulipochomekwa tu, mngurumo ukaanza. Watu walikuwa wameshaanza kuingia, na waliziba masikio wakicheka.

Fundi aliujua ugonjwa huo. Amplifaya ina waya wake wa ethi, ule wa kijani na njano unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Meza ya sauti nayo ina wake. Nyaya hizo mbili zikiunganishwa zinagombana, na spika zinanguruma. Dawa yake ni kisanduku kidogo kinachotenganisha waya wa sauti bila kuugusa ule wa umeme. Cha jukwaani kilikuwa kimeharibika. Kingine kilikuwa stoo.

"Kaka, kata tu ethi kwenye plagi tuanze," Nzito alisema.

"Ethi ndiyo inayokulinda. Umeme ukivuja ndani ya hilo dude utapitia wapi? Utapitia kwenye nyuzi, uingie mkononi, utokee mdomoni kwenye maiki."

"Aa, kaka nawe! Woga wako utatuzeesha."

"Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Usiguse kitu. Nakuja sasa hivi."

Stoo kulikuwa na vumbi na mafungu ya nyaya zilizosokotana. Alipiga magoti, akapekua, huku mngurumo ukipenya ukutani na kumfuata. Alikuwa ndiyo kwanza amekishika kisanduku mngurumo ulipokoma.

Ukumbini watu walishangilia. Huenda wamezima, alijiambia. Hapo akaisikia besi, nene, safi, ikipita sakafuni na kumpanda miguuni.

Alikimbia. Alipasua katikati ya watu, akakanyaga wenzake, hakuomba radhi. Nzito alikuwa amefumba macho, anamalizia vionjo vya kuanzia, anainamia maiki kama ilivyo kawaida yake, midomo inakaribia kuigusa. Fundi alipanda jukwaani kwa tumbo, akaudaka waya wa maiki na kuuvuta kwa nguvu zake zote.

"Kaka, una wazimu?"

Aliiachia maiki ining'inie kwenye waya wake, akaipeleka taratibu hadi kwenye nyuzi.

Ikalia pa! Cheche ya buluu, harufu ya kuungua, na umeme wa jukwaani ukajikata. Ukumbi mzima ukapiga makofi na vigelegele. Nyuma ya amplifaya plagi ilikuwa wazi, waya wa kijani na njano umekatwa, kisu bado kiko pembeni yake.

Nzito aliutazama uzi uliopata doa jeusi. Akajigusa midomo.

"Lakini kaka," alisema polepole, "mbona ile ya nyumbani niliikata hivihivi, na mtoto anapiga kila siku, hana neno?"

Fundi alikuwa ameshatoa simu.

"Mama, mtoto yuko wapi?"

"Chumbani na besi lake," mkewe alijibu. "Leo baba yake mdogo kamletea na maiki na spika yake, basi nyumba haikaliki! Anasema nyuzi zinamtekenya vidole, anacheka peke yake."

Nyuma ya sauti yake besi ilisikika, safi kabisa, bila mngurumo hata chembe.

"Usimguse. Zima meni swichi."

"Ya nyumba nzima?"

"Zima, mke wangu, nakuomba, zima!"

Alisikia kandambili zikikimbia. Besi iliendelea. Akamsikia binti akikohoa kusafisha koo, kama afanyavyo kila anapotaka kuimba. Kisha besi ikakatika, na kimya kikajaa kwenye simu.

Fundi alisubiri.

"Mama!" binti aliita kwa mbali. "Umeme umekatika?"

Fundi alikaa chini, palepale ukingoni mwa jukwaa. Akamnyooshea mdogo wake simu.

"Mwambie wewe," alisema.

Nzito aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka sikioni. "Shemeji, asiliguse tena hilo besi," alianza.