Loise na Mvumo wa Spika za Kanisa

Nani hamjui Loise hapa Katangi? Binti wa Kalekye, yule wa kibanda cha redio karibu na posho mill ya kusagia unga. Akiwa darasa la sita aliifungua redio ya baba yake, akachapwa, akairudisha, ikaimba kuliko mwanzo. Mpaka leo, redio ikifa Yatta hii, yeye huitoa viungo na kuviweka mkebeni. Hanunui kipuri; hutumia cha mkebeni. Ndiyo sheria yake.

Sasa amplifaya ya kanisa ikaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki, mahubiri hayasikiki. Mwenyekiti wa kanisa, Urbanus, akaja kibandani.

"Loise, ikivuma Jumapili hii tena, naleta fundi wa Nairobi. Hii si kazi ya kuchuna nyaya na meno."

"Mzee, wewe tafuta kiti tu. Utakaa usikie."

Alijibu hivyo, lakini mwenyewe alijiuliza. Fundi wa Nairobi akishaingia, nani tena atamletea Loise hata tochi?

Akaichora saketi ya amplifaya, njia za umeme wake, kwenye kompyuta, akaiambia programu itafute yenyewe saizi ya kapasita, kile kidude kinachotuliza umeme mvumo uishe. Programu ikahesabu, ikasema imeshindwa. Akakagua mchoro waya kwa waya. Uko sawa. Ikashindwa tena. Siku mbili hivyo! Na kila mara ilikuwa inakwama kwa namba ile ile: mia nne sabini.

Alhamisi akapelekea mbuzi wa mama yake maji. Mbuzi alikuwa mwisho wa kamba, shingo imenyooka, ulimi nje, nyasi iko hatua moja mbele. Nyuma yake, vumbi tupu.

"Mwaitu," akamwita mama yake, "mbona kamba fupi hivi?"

"Ndiyo niko nayo," Kalekye akasema. "Na usimcheke. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, si wa njaa yake."

Loise akasimama na ndoo mkononi. Mia nne sabini! Si ndiyo kapasita kubwa kuliko zote mkebeni? Yeye mwenyewe ndiye aliiandikia programu isipite hapo, maana hakutaka kununua. Halafu anailaumu!

Akarudi mbio, akaongeza ule mpaka. Programu ikatoa jibu papo hapo: mia tisa na kidogo. Anunue? Loise huyu? Akachukua mkebeni mbili za mia nne sabini, akaziunganisha bega kwa bega. Zikijumlishwa, zinatosha na kubaki.

Jumapili spika zikawashwa. Kimya. Urbanus akadhani zimekufa, akagonga maikrofoni.

"Haloo?"

Sauti ikajaa kanisa lote, akaruka nyuma. Kwaya ikacheka bila haya.

"Mzee, kaa sasa," Loise akasema kutoka benchi la mbele. "Kiti si kipo?"

Urbanus akakaa. Kalekye akamwinamia.

"Na ni vya mkebeni hivyo," akamwambia. "Vya mkebeni."