Kiapo Juu ya Nyutroni

Shule yetu ya harambee pale Gatitu ilikuwa na desturi moja iliyonikera sana. Wazazi waliochanga mawe na mabati ya kuijenga walikuwa na haki ya kuingia darasani na kukaa nyuma, wasikize kama mwalimu anafundisha kweli. Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami nilikuwa mwalimu mpya wa sayansi, wa majaribio. Mwisho wa muhula kamati ya wazazi ingepiga kura: nibaki au niende.

Mama mmoja wa kamati alikuja kila siku. Alikuwa amejifunza kusoma juzijuzi tu, kwenye madarasa ya ngumbaru ya watu wazima, na hakuachana na daftari lake. Nikiandika ubaoni, anaandika. Nikikohoa, anaandika. Ananikusanyia makosa huyu, nikajiambia. Nikasikia ana mpwa aliyemaliza chuo cha ualimu. Kumbe! Basi ndiye anayetafutiwa nafasi yangu.

Siku niliyofundisha kiini cha atomu, nilichora protoni na nyutroni zimebanana pamoja. Akainua mkono.

"Mwalimu, mimi niko na swali. Wiki jana ulisema chaji za aina moja zinasukumana. Sasa hizi protoni zote ni chanya. Mbona hazitawanyiki?"

Sikujua. Chuoni tulikariri idadi zake tu. Ningesema sijui yangeisha, lakini niliona ile kalamu iko tayari. Nikasema nyutroni zina uhasi kidogo ndani yake, ndio unaozivuta protoni.

"Ati una hakika?"

"Haki ya Mungu," nikasema, mbele ya watoto arobaini.

Akaandika. Nilimchukia yule mama, acha niseme ukweli.

Jumamosi nilikwenda maktaba mjini Nyeri nikatafuta mpaka nikapata. Nyutroni haina chaji yoyote. Kuna nguvu nyingine kabisa inayozishika protoni na nyutroni bila kujali chaji, kali kuliko ule msukumano, ila haifiki mbali. Nyutroni nazo huongeza mshiko bila kuongeza msukumano. Nilisoma nimesimama, masikio yakiwaka kwa aibu.

Jumatatu, siku ya kura, nilipita shambani makusudi nikaingia darasani sketi imejaa kishona nguo, zile mbegu nyeusi zinazonasa nguoni. Nikawaambia watoto, "Ukipita mbali na hii mbegu haikufanyi kitu. Ukiigusa, utaibandua moja moja kwa kucha. Nguvu ya kiini nayo ni ya karibu hivyo. Yale ya wiki jana niliwadanganya. Yafuteni."

Mama akaja mbele na daftari lake. "Nisahihishie."

Nikalifungua nikitafuta mashtaka yangu. Sikuona hata moja. Yalikuwa masomo yangu yote, mchoro kwa mchoro, kwa herufi kubwa za mtu anayezoea kalamu. Ule uongo wangu ulikuwa umepigiwa mstari mara mbili. Nikaukata kwa wino mwekundu, nikarudisha daftari. Moyoni nikaona nimepona.

Alasiri kamati ikanitoa, kwa kura moja. Yule mama hakutuma mtu kuniambia. Alikuja mwenyewe, akanikuta nafunga vitabu.

"Mimi ndiye nimeinua mkono utoke."

"Kwa ajili ya mpwa wako, sivyo?"

Akanishangaa. "Mpwa wangu anafundisha Nanyuki, na hataki kutoka. Mwalimu, ungesema hujui, ningekutetea. Lakini uliapa, nami nikaamini. Nimewafundisha wenzangu wa ngumbaru hivyo hivyo, kina mama kumi na wawili. Wawili wameshahama, wako Kiganjo. Nitawaambia nini?"

Akafungua ukurasa mpya, akaniwekea kalamu mkononi.

"Niandikie ile ya kweli. Polepole, niweze kuisoma."

Nikakaa kwenye dawati la wanafunzi nikamwandikia, kwa herufi kubwa kama zake.