Mtutu wa Kushoto

Baba alipokufa, leseni ya bunduki ilikufa naye. Duka moja la bunduki pembezoni mwa London liliitunza bunduki yenyewe kisheria, na Mama alipotoka eda wakatuita kuikadiria bei. Tulipanda mabasi mawili kutoka Tooting, nami nilinuna njia nzima. Nilimwambia tuwaachie tu waiuze. Alikataa katakata, alitaka awepo ikikaguliwa.

Ilikuwa bunduki ya marisau, ya mitutu miwili, yenye nakshi ya tembo ubavuni. Baba alizawadiwa na kampuni ya mkonge kule kwetu Kenya, iwe ukumbusho wa miaka yake ya kazi. Huku London kila mgeni alionyeshwa, apende asipende. "Haijapigwa hata mara moja," Baba alikuwa akisema. Kisha, bila kuulizwa, aliongeza kwamba laiti angekuwa na risasi jioni ile wezi walipomuua mjomba wangu, mdogo wake Mama, barazani kwetu. Wezi hao hawakuonekana na mtu mwingine yeyote. Baba na mjomba walikuwa hawasemezani. Mimi nilikuwa mdogo. Nakumbuka mlio mmoja, halafu Baba akija kunifunika shuka mpaka kichwani. Mpaka leo siwezi kulala nikiwa nimejifunika uso.

Mwenye duka, Mwingereza mpole, alitueleza kwamba bunduki za ukumbusho hununuliwa na watu wasiotaka kuzipiga. Ikiwa haijapigwa na kasha lake lipo, bei ni nzuri. Ikishapigwa, ni bunduki kama nyingine.

Akamulika tochi kwenye mtutu wa kulia, akatabasamu. Kwenye wa kushoto alikawia.

"Huu umepigwa," akasema. "Zamani sana, na haukusafishwa. Masizi ya baruti yakiachwa ndani, chuma huliwa hivi."

Mama akanigeukia. "Yuwasemaje?"

Niliogopa. "Anasema ina kutu kidogo, Mama. Bei itashuka."

Alinitazama kwa huruma, mwanamke aliyefanya kazi jikoni mwa hospitali ya hapa hapa London mpaka akastaafu, na Kiingereza chake kikimtosha.

"Nimemsikia, mwanangu," akasema. "Nilitaka mtu asiyetujua autazame, nami nimesimama papa hapa. Mume wangu nimemkalia eda, nikaimaliza. Sasa niwache nimlilie ndugu yangu."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia kwa sauti, kilio ambacho sikumsikia akikilia siku ya maziko ya Baba. Nilisimama nimeduwaa, mkono wangu begani mwake. Mwenye duka alitutazama kwa fadhaa, akafunga kasha polepole, na akidhani mama wa watu analilia bei, akaanza kuipandisha.