Yaw Dapaah na Salamu Isiyoitikiwa

Haya nitakayowasimulia hamtayaamini, na siwalaumu, maana hata mimi niliyeyaona nayatilia shaka. Mpwa wangu Yaw Dapaah amefukuzwa na redio saba kwa kosa la kusalimia.

Ndiyo, kusalimia! Alianzia Techiman, kwenye kituo kilichokuwa juu ya duka la mbegu. Kila asubuhi, kabla ya muziki, alisema "Maakye," yaani habari za asubuhi, kisha akanyamaza, akisubiri. Kwetu nani mwenye adabu husalimia akapita bila kuitikiwa? Mama yake, dada yangu Afia, akikoroga uji jikoni, aliigeukia redio na kuitikia kwa sauti: "Yaa eson, mwanangu!" Yaw alijua mama ameitikia. Ndipo akaweka wimbo.

Dada alipofariki, Yaw aliendelea kusubiri. Sasa redio ikinyamaza, watu hudhani mitambo imekufa, wanahamia kituo kingine. Sunyani wakamfukuza. Kumasi wakamfukuza. Obuasi, Takoradi, kote huko ni chumba cha kupanga, godoro, sufuria moja, na sauti ambayo mji mzima unaijua, lakini mwenyewe akipita sokoni hakuna anayegeuka.

"Si uache tu hicho kimya, wewe kichwa ngumu?" nikamwambia.

"Nikikiacha, Mjomba, nitakuwa naongea peke yangu."

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Na mimi hucheka hata msibani.

Sasa yuko Wenchi. Juzi bosi wake, Madamu Serwaa, alimkaripia mbele yangu: "Bwana Yaw, unamsubiri nani? Kesho nionyeshe hata mtu mmoja anayekuitikia. La sivyo, fungasha godoro lako."

Kesho yake Yaw akasema "Maakye." Kimya. Madamu kasimama nyuma ya kioo, mikono kifuani. Kimya bado. Yaw katazama chini, kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Simu ikalia. "Yaa eson!"

Madamu akashusha mikono, akarudi ofisini kwake. Simu ikalia tena, na tena! Wenchi nzima ikaitikia, wauza viazi vikuu, mapadri, chifu mwenyewe, laini zikapata moto, nikaona kwa macho yangu haya moshi ukito—

"Mjomba," anasema Yaw, anayechungulia begani kwangu ninayoandika, "simu ilikuwa moja tu. Tena nilikuona pale kwenye benchi la nje, simu sikioni, umeziba pua nisikutambue sauti."