Nani Alilishika Tofali

Katika shule ya kati ya Barrow Ford, kusini mwa Virginia, hakuna mtoto aliyemaliza darasa la nane bila kuulizwa na Bi Odessa Pettiford swali moja: nani alikishika? Kila somo la historia lilianza hivyo. Bi Pettiford aliingia darasani na kitu mkononi, mara msumari wa zamani, mara mwiko wa siagi, mara kipande cha sahani ya buluu kilichoibuliwa na jembe la trekta kwenye shamba la mtu, akakiweka mezani bila salamu. Kabla mtoto hajasema ni kitu gani wala cha enzi gani, alitakiwa kwanza aseme nani alikishika. Ukikosea, hakukucheka. Ukibuni bila ushahidi, hapo ndipo ungemjua.

Alikuwa mwanamke mweusi, mfupi, mnene kiasi, mwenye miwani iliyofungwa kamba na sauti ambayo haikuhitaji kupandishwa. Somo lake lilikuwa miaka ya mwanzo ya Marekani, tangu meli za Waingereza zilipoingia mto James hadi vita vya kumkataa mfalme na kuandikwa kwa katiba. Alikuwa amewafundisha wazazi, sasa alikuwa anawafundisha watoto wao, na wengine aliwatambua kwa uvivu wa ukoo kabla hawajataja majina. Mwaka huu ulikuwa wake wa mwisho. Kanisani walikwisha anza kuchangishana kwa ajili ya keki ya kumuaga.

Kila mwezi wa Mei darasa la nane hufanya Siku ya Koloni kwenye uwanja wa mahakama ya zamani, jengo la matofali mekundu lililokuwepo hata kabla Marekani haijawa Marekani. Wavulana huvaa kofia za pembe tatu, wasichana magauni marefu na vikofia vya kitambaa walivyoshonewa na mama zao kwa manung'uniko. Wanachovya mishumaa, wanasukasuka maziwa hadi yatoe siagi, na wazima moto wa kujitolea wanachemsha mchuzi wa kuku na mahindi katika sufuria la kumtosha ndama kuogea. Mji mzima huja, wa kanisa hili na wa kanisa lile, na kwa siku hiyo moja wanakaa meza moja.

Odessa aliifahamu siku hiyo tangu akiwa na miaka kumi na mitatu, mwaka ule shule za weusi na weupe zilipounganishwa. Mwalimu wake wa wakati huo, Bi Ashlin, aligawa kazi za maigizo: huyu mhunzi, huyu mchapaji, huyu mke wa gavana. Alipofika kwa Odessa alimpa upepeo wa manyoya ya bata mzinga, akamsimamisha nyuma ya meza ya wageni kama mtumwa wa nyumbani. Akawapepea wenzake mchana kutwa. Bi Ashlin hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi, kwa sababu alimshukuru mwishoni na kumpa kipande kikubwa cha pai. Odessa alikula pai ile nyuma ya jengo, peke yake, akilia kwa hasira.

Kwa hiyo alipokuja kurithi darasa lilelile, aliapa kwamba hakuna mtoto atakayeshika upepeo mbele yake. Alileta kofia ya kanisani ya marehemu baba yake, akatia humo vikaratasi, na kila mtoto akawa anaokota bahati yake. Mhunzi. Mfinyanzi. Mchapaji. Mhubiri. Mwenye shamba. Kazi zote zilikuwa za watu huru. Habari za utumwa alizifundisha darasani, tena bila kumung'unya maneno, lakini kwenye kofia hazikuingia. Watu wakasifu, weupe kwa weusi, kwamba kofia ya Bi Pettiford haibagui. Naye akaamini, maana nani hapendi kusifiwa kwa wema?

Mwaka huu kofia ilipopita, msichana aitwaye Jaleesa Womack aliokota "mke wa mwenye shamba".

Jaleesa ndiye aliyekuwa jicho la darasa. Mweusi, mrefu kuliko wavulana, mgumu wa kucheka, na swali la nani alikishika alilijibu kwa namna iliyomfanya mwalimu wake alale akilifikiria jibu lake. Bi Pettiford hakuwa na upendeleo, au alijidanganya hivyo, lakini kila alipouliza swali gumu macho yake yalikwenda dawati la dirishani.

"Ohoo! Mama mwenye shamba huyo!" akapiga kelele Colby Hatchett, mtoto wa kizungu mwenye mdomo usio na breki, ambaye yeye aliokota mwashi. "Sasa mama, nani atakufulia hayo magauni?"

Darasa likacheka, kisha likakoma kucheka lenyewe. Colby akawa mwekundu hadi masikioni.

"Sikuwa na maana hiyo," alisema.

Jaleesa hata hakumtazama. Alikuwa anamwangalia Bi Pettiford. "Mwalimu, kweli kabisa. Mimi ningekuwa nani?"

"Mwanangu, hii ni kofia tu. Ukiokota unakuwa yeyote."

"Sijauliza kofia. Nimeuliza hapa hapa, Barrow Ford, enzi hizo. Mimi."

Bi Pettiford alijua jibu kama anavyojua jina lake. Lakini mbele yake alimwona msichana mwingine na upepeo, akaona nyuso za darasa zima zikisubiri. "Tutazungumza siku nyingine," alisema. "Haya, Colby, mpe mwenzako kofia."

"Unatuambia kila siku tusibuni," Jaleesa alisema polepole. Akakunja kile kikaratasi, akakirudisha ndani ya kofia.

Tangu hapo hakunyoosha mkono tena. Akiulizwa alijibu, "Sijui, mama," kwa adabu isiyo na doa, na neno mwalimu halikumtoka tena kinywani. Bi Pettiford alileta vitu vyake vizuri kuliko vyote, hata lijamu ya kinywani mwa farasi ambayo hakuwahi kuitoa nyumbani, lakini dirishani hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye. Alishikwa na woga ambao hakuwahi kuuona kazini: kwamba atastaafu akiwa amempoteza mtoto huyu, na kwamba amempoteza kwa uongo. Watoto wengine wangesahau. Huyu asingesahau, kama yeye mwenyewe alivyoshindwa kuusahau upepeo.

Tena jibu alikuwa nalo tangu utotoni. Bibi yake mzaa mama alikuwa akipiga deki mahakamani, na siku moja alimshika mkono akampeleka ukuta wa nyuma, karibu na bomba la maji ya mvua, akamwonyesha tofali moja usawa wa kiuno. "Weka vidole hapa," alimwambia. Odessa akaweka. "Umesikia? Sasa funga mdomo. Wazungu wakijua tunakuja kupaona, watapapaka chokaa." Mjukuu akafunga mdomo. Bibi alikufa, wale wa kuogopwa wakafa, naye bado alikuwa ameufunga. Akipita pale alipagusa tu kwa siri, halafu anaendelea na safari yake.

Wiki ya Siku ya Koloni alikwenda ofisini kwa mkuu wa shule. Bwana Vaughan alikuwa mwanafunzi wake zamani, na hadi leo akimwona anaketi wima.

"Nataka kubadilisha Siku ya Koloni," alisema Bi Pettiford.

"Mama, mwaka huu? Watu wameshashona nguo!"

"Nguo wavae. Nataka robo saa, kabla ya mchuzi, nizungumze na darasa langu kule nyuma ya mahakama."

Bwana Vaughan akajikuna shingo. "Utazungumza nini? Maana unajua wazazi wa siku hizi. Mtoto akirudi nyumbani amenuna, mimi napigiwa simu na watu wasioweza hata kusema habari za asubuhi. Umebakiza siku chache, mama. Tukate keki, tulie kidogo, uende zako kwa amani. Si ndiyo?"

"Wewe uliokota nini kwenye kofia yangu?"

"Mchapaji." Akatabasamu. "Nilipaka wino hadi puani."

"Ulifurahi?"

"Sana."

"Ndiyo hivyo," alisema Bi Pettiford. "Niliwafurahisha wote. Nakuambia tu, Vaughan, sikuja kukuomba ruhusa."

Siku yenyewe ilipambazuka nzuri, na uwanja ukajaa mapema. Bwana Vaughan aliigiza gavana, na soksi zake nyeupe zilimshuka kila hatua. Bi Pettiford, ambaye kila mwaka huja na aproni na kikofia, alikuja na gauni lake jeusi la mazishi. Watu wakaangaliana, lakini hakuna aliyethubutu kuuliza.

Jaleesa alikuja shingo upande kwa sababu mama yake alimlazimisha. Alivaa suruali ya jinzi, na mkononi alimshika mdogo wake, Bree, ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Mama yao alikuwa ameshatangulia kwenye meza ya mkate wa mahindi.

Bi Pettiford aliwakusanya wanafunzi wake ukutani, nyuma. Wazazi kadhaa wakafuata, na gavana naye akaja akipandisha soksi.

"Leo sikuleta kitu," alisema. "Kitu kimetangulia. Tofali hili hapa. Nani alilishika?"

Waliinama. Ilichukua muda, kisha msichana mmoja akaguta: kwenye uso wa tofali kulikuwa na vishimo vinne pamoja, na cha tano pembeni.

"Vidole!" Colby alisema. "Mwashi alilishika. Mimi huyo!" Akatia vyake. Havikuingia. Akajaribu kidole kidogo tu, nacho kikakwama ukingoni. "Mbona padogo?"

Walijaribu mmoja baada ya mwingine, wenye kofia za pembe tatu na wenye vikofia, na hakuna aliyeweza. Kelele zilipungua kila mmoja alipotoa mkono wake. Mzazi mmoja wa kiume alisafisha koo, akamtazama Bwana Vaughan, akingoja aingilie kati. Bwana Vaughan alikuwa anatazama tofali.

"Matofali yalifyatuliwa na watu wazima," alisema Bi Pettiford. "Tofali likiwa bado bichi, kuna aliyelichukua akalipeleka kuanikwa juani, na kuna aliyeligeuza. Ukilibana sana, alama inabaki, na tanuri inaikaza. Ushahidi ndio huo. Nani alilishika?"

 Halafu sauti ikatoka nyuma.

"Mtoto," alisema Jaleesa. "Wa kwetu."

"Wa kwetu." Bi Pettiford alimgeukia. "Uliniuliza ungekuwa nani nikakukwepa. Nilikuwa na umri wako waliponipa kazi ya kuwapepea wenzangu, nikaapa hamtaipata aibu ile. Basi nikawaficheni hata hili. Huyu hakufanya la aibu. Alibeba matofali, na mahakama imesimama." Akavua miwani. "Ungekuwa mtumwa, kama huyu. Lakini kazi hii usingeifanya, Jaleesa. Kwa kimo chako ungekuwa umeshapelekwa kwenye tumbaku. Hii ilikuwa ya wadogo."

Jaleesa alitaka kusema neno. Kabla hajalisema, Bree alikwisha uchomoa mkono wake, akapita katikati ya magauni, akafika ukutani. Tofali lilikuwa usawa wa macho yake. Alikuwa ameona kila mtu akijaribu, naye hakutaka kupitwa. Akaweka vidole.

Viliingia vyote vitano.

"Dada! Imeingia!" Aligeuka akawatazama wote, uso umemjaa furaha, mkono bado umo tofalini. "Nimeshinda?"

 Colby alikuwa ameikumbatia kofia yake kifuani. Bi Pettiford alivaa tena miwani yake, akautazama ule mkono.

Jaleesa alikwenda akapiga magoti kwenye nyasi. Akautoa mkono wa mdogo wake ukutani taratibu, akaupangusa vumbi jekundu kwa shati lake, kidole kimoja kimoja. Kisha akambeba, ingawa Bree alikuwa mzito wa kubebwa na alilalamika kwamba yeye si mtoto mchanga.

"Mwalimu," alisema bila kugeuka. "Sisi tunakwenda nyumbani."

"Nendeni, mwanangu."

Bi Pettiford aliwatazama hadi walipokata kona ya mahakama, Bree akiwa ameinua juu ya bega la dada yake ule mkono ulioingia, akiwaonyesha watu.